Uwanja wa ndege unaopitika kwa abiria wenye ulemavu: mwongozo kamili, kutoka barabarani hadi kwenye kiti cha ndege

Ndege ilikuwa imetua dakika 40 nzima. Wasafishaji walishaokota vikombe na kukunja mablanketi, na kwenye safu ya nane alikuwa bado ameketi mama mmoja, mkoba magotini, macho mlangoni. Kiti chake cha magurudumu kilikuwa kikizunguka kwenye mkanda wa mizigo badala ya kuletwa kwenye mlango wa ndege. Mhudumu wa ardhini alisema hakupewa taarifa. Shirika la ndege lilisema taarifa ilitumwa tangu juzi. Uwanja ukasema suala hilo ni la shirika. "Samahani mama, wanakuja," nilimwambia kwa mara ya tatu, na mara hiyo ya tatu hakunijibu.

Nimefanya kazi ya kusaidia abiria kwa miaka mingi, na kisa hicho hakijanitoka kwa sababu jengo lile lilikuwa na kila kitu: lifti, njia za mteremko, vyoo vipana, hata gari la kuinua abiria. Safari ilikatikia kwenye kiungo, pale ambapo mtu mmoja alipaswa kumkabidhi abiria kwa mwingine. Kwa hiyo mwongozo huu, ulioandikwa kwa wasimamizi wa viwanja, wakuu wa zamu na yeyote mwenye sauti pale kazini, utarudi kwenye makabidhiano kila mara. Vifaa vina nafasi yake, lakini kifaa kisicho na mtu wa kukileta kwa wakati ni sawa na hakuna.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.3, yaani mmoja kati ya kila sita, wanaishi na ulemavu mkubwa. Hao ni abiria wako wa kila siku.

Hatua ya 1: Itembee safari nzima pamoja na wanaoijua

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kabla ya kuajiri mshauri au kununua chochote, alika watu sita au saba: anayetumia kiti cha kusukuma, anayetumia kiti cha betri, asiyeona anayetembea na fimbo nyeupe, kiziwi anayetumia lugha ya alama, mtu mwenye usonji au mzazi wa mtoto mwenye usonji, na mzee anayetembea lakini anachoka upesi. Walipe. Wanakupa utaalamu ambao huna, na utaalamu hulipwa.

Usichukue njia ya mkato ya kumweka meneja kwenye kiti cha magurudumu kwa saa moja ili "aonje." Atakachoonja ni hofu ya mtu asiyejua kukiendesha kiti, na atatoka pale na huruma, ilhali unachohitaji ni orodha ya mambo ya kurekebisha.

Anzeni pale teksi inaposimama na mmalizie kwenye kiti cha ndege, kisha mrudi kinyume, kwa sababu njia ya kuwasili husahaulika kuliko ya kuondoka. Beba futi ya kupimia, saa na daftari. Kila mnaposimama andika umbali kutoka kituo cha mwisho, muda uliotumika, kama kuna pa kukaa, na nani alipaswa kuwa pale. Mtashangaa jinsi makosa mengi yalivyo madogo. Pipa la taka limewekwa juu ya mstari wa vigae vya wasioona. Foleni imezungushiwa mikanda yenye kona ambazo kiti hakiwezi kukata. Mlango ni mzito mno kwa mtu wa magongo. Choo cha wenye ulemavu kimegeuzwa stoo ya ndoo na mafagio. Hili la mwisho nimelikuta mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Vipimo vichache vya kwenda navyo: mteremko usizidi 1 kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kupanda ipewe angalau sentimita 12 za urefu. Mlango uwe na upana wa wazi wa sentimita 80 kwenda juu, na 90 ni bora zaidi. Mahali pa kugeuza kiti pawe na duara la mita moja na nusu. Kila kaunta iwe na sehemu iliyoshushwa isiyozidi sentimita 90 hivi kutoka sakafuni. Linganisha na kanuni za ujenzi za nchi yako, maana huenda zikadai zaidi.

Hatua ya 2: Amua nani amebeba dhamana, kisha chora ramani ya makabidhiano

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unagusa usafiri moja kwa moja kwenye Ibara ya 9. Namna ya kuutekeleza hutofautiana. Katika Umoja wa Ulaya, Kanuni ya 1107/2006 imeukabidhi uongozi wa uwanja kazi ya kuwasaidia abiria, bila kuwatoza wao chochote. Gharama zinaweza kugawanywa kwa mashirika yote ya ndege kulingana na idadi ya abiria wao. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1986 iliuweka mzigo mkubwa kwa mashirika ya ndege yenyewe. Mimi naona njia ya Ulaya ni bora kwa abiria, kwa kuwa mtu mmoja ndiye anayeulizwa. Lakini zote mbili hushindwa pale mkataba na kampuni ya huduma unaposema "msaada utatolewa" bila kusema na nani, wapi, ndani ya dakika ngapi.

Chukua karatasi kubwa uandike kila mahali abiria anapotoka mkononi mwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine: barabarani hadi kaunta, kaunta hadi ukaguzi, ukaguzi hadi geti, geti hadi ndege, na njia ya kurudi. Kwa kila kiungo andika mambo manne: anayekabidhi, anayepokea, muda wa juu kabisa, na namba ya simu inayopigwa mpokeaji asipotokea. Namba hiyo iwe ya simu inayobebwa na mtu wa zamu, si ya ofisi inayofungwa jioni. Kisha weka kanuni moja isiyo na mjadala: hakuna anayeondoka mpaka jina la mpokeaji limeandikwa na abiria mwenyewe amelisikia.

Hatua ya 3: Taarifa ifike kabla ya abiria

Mashirika ya ndege hutumiana taarifa kwa misimbo ya herufi nne, na kuikosea ni chanzo cha aibu nyingi. WCHR ni abiria anayeweza kupanda ngazi na kutembea ndani ya ndege lakini hawezi umbali mrefu. WCHS hawezi ngazi, ila ndani ya ndege anajimudu. WCHC hawezi kutembea kabisa na anahitaji kusaidiwa hadi kwenye kiti chake. BLND ni asiyeona, DEAF ni kiziwi, na DPNA ni mwenye ulemavu wa akili au wa ukuaji anayehitaji kusindikizwa. Kuna na misimbo ya viti vya betri, inayotenganisha betri kavu, za maji na za lithiamu.

Karani akiandika WCHR kwa mtu wa WCHC, pale getini atakuja mhudumu mmoja na kiti cha kawaida, mbele ya ngazi 20. Wafundishe wanaopokea simu na wanaouza tiketi kuuliza maswali matatu tu: Unaweza kupanda ngazi? Unaweza kutembea hadi kiti chako ndani ya ndege? Una kifaa chako, na kama ni cha betri, ni betri ya aina gani? Wasiulize "unaumwa nini?" Jibu la swali hilo haliwasaidii kupanga chochote.

Ulaya humwomba abiria atoe taarifa saa 48 kabla, na shirika liipeleke uwanjani angalau saa 36 kabla ya ndege kuondoka. Weka utaratibu kama huo, lakini asiyetoa taarifa asiachwe. Mtu aliyevunjika mguu jana hakujua juzi.

Kwenye tovuti ya uwanja weka picha za kila kituo, umbali kwa mita kutoka mlangoni hadi geti la mbali zaidi, vyoo vilipo, na namba ya ujumbe wa maandishi kando ya namba ya simu. Uwanja unaomtaka kiziwi apige simu ili aombe msaada umemfungia mlango kabla hajatoka nyumbani.

Hatua ya 4: Barabarani hadi kaunta

Sehemu hii ni rahisi na mara nyingi tayari imejengwa vizuri. Maegesho mapana karibu na mlango, ukingo wa barabara ulioshushwa, kitufe cha kuita msaada chenye sauti na taa, na kiti cha kusubiria chini ya kivuli.

Neno moja kuhusu vile vigae vyenye alama za kukanyagia vinavyowaongoza wasioona. Vilibuniwa na Mjapani Seiichi Miyake mwaka 1965 na kutandikwa mara ya kwanza mjini Okayama mwaka 1967, na lugha yake ni fupi: mistari inasema endelea, vidoti vinasema simama au angalia. Fundi anayetandika mistari mbele ya ngazi kwa kuwa vigae vya vidoti vimemwishia anamwambia asiyeona aendelee kutembea.

Mashine za kujihudumia ziwe na tundu la spika za masikioni, sauti ya kuongoza, na skrini inayofikiwa na aliyeketi. Hata zikiwa nzuri namna gani, kaunta yenye mtu isiondolewe.

Hatua ya 5: Ukaguzi wa usalama

Hapa ndipo heshima ya mtu hupotea haraka kuliko kwingine. Mkaguzi aseme kwanza atakachofanya, aombe ruhusa, ndipo aguse. Anayetumia kiti cha magurudumu akaguliwe akiwa amekaa: kiti chake hupanguswa kwa kitambaa cha kupimia chembechembe za milipuko, na mikono yake vilevile. Mguu bandia usivuliwe hadharani. Vifaa vya kusikia vibaki masikioni. Dawa za maji zinazohitajika safarini zinaruhusiwa hata zikizidi mililita 100, na mkaguzi anapaswa kulijua hilo bila kumwita mkubwa wake. Chumba cha faragha kiwe karibu, wazi, na chenye nafasi ya kugeuza kiti.

Fimbo nyeupe ikipitishwa kwenye mashine, mtu mmoja abaki na mwenyewe, na fimbo irudi mkononi mwake moja kwa moja. Nimewahi kumwona kijana asiyeona amesimama upande wa pili wa mashine, mikono mbele, watu wakimpita huku na huku, na fimbo yake imelala kwenye trei umbali wa hatua nne. Hakuna aliyemwonea, kila mmoja alikuwa na shughuli yake. Kwa yeye, hatua nne zile zilikuwa sawa na kufungwa macho na kuachwa njiani.

Kwa mtoto mwenye usonji, mzazi asitenganishwe naye, na mlio wa mashine uelezwe kabla haujalia.

Hatua ya 6: Kusubiri

Kila kinachotangazwa kwa sauti kiandikwe, na kila kinachoandikwa kisemwe. Kiziwi hupotea hasa geti linapobadilishwa dakika za mwisho kwa tangazo la kipaza sauti pekee, kwa hiyo mhudumu wa geti ajue ni abiria gani wa kumfuata mwenyewe. Kwenye kaunta na mageti weka ule mfumo wa waya unaopeleka sauti kwa sumaku hadi kwenye kifaa cha kusikia, uweke alama ya sikio, na uujaribu kila wiki. Mifumo mingi imefungwa ukutani na haijawahi kuwashwa.

Ulemavu mwingine hauonekani. Mwaka 2016 uwanja wa Gatwick nchini Uingereza ulianzisha utepe wa shingoni wenye picha za alizeti, na leo unatambulika katika viwanja vingi duniani. Anayeuvaa anaomba muda zaidi, maelezo ya taratibu, subira. Hadai chochote kingine, na asiulizwe ana nini. Shannon, Ayalandi, walifungua chumba cha utulivu mwaka 2017, na Pittsburgh, Marekani, wakafuata mwaka 2019. Kama huna fedha za chumba, tenga kona yenye mwanga hafifu, mbali na vipaza sauti.

Kuhusu vyoo, kagua kamba ya dharura. Inatakiwa ifike karibu na sakafu, kwa kuwa anayeihitaji ameanguka. Wasafishaji huifunga juu isiwasumbue. Na kama kuna nafasi, weka choo kimoja chenye kitanda cha mtu mzima na mashine ya kunyanyulia. Bila hicho, mtu mzima asiyeweza kujihamisha hubadilishwa nguo sakafuni.

Jambo la mwisho la kusubiri: usimwache abiria kwenye kiti asichoweza kukiendesha mwenyewe, ametazama ukuta, kwa saa mbili. Mpeleke chooni, mpeleke anunue chakula, mwambie utarudi saa ngapi, na urudi saa hiyo. Bora zaidi, mwache akae kwenye kiti chake mwenyewe hadi mlango wa ndege.

Hatua ya 7: Kupanda ndege, na kile kiti kinachobaki nyuma

Kama hakuna daraja la kupandia, tumia gari la kuinua abiria. Kumbeba mtu mgongoni au mikononi kwenye ngazi si utaratibu wa kazi. Ni hatari kwake na kwa mgongo wa mhudumu, na nafasi yake ni kwenye dharura ya kuokoa maisha tu. Uwanja wenye gari moja uwe na mpango ulioandikwa wa siku litakapoharibika, kwa maana litaharibika.

Ndani ya ndege hutumika kile kiti chembamba kinachopita kati ya safu. Wahudumu wawe wawili, waliofanya mazoezi pamoja. Wamuulize abiria: upande gani una nguvu, tushike wapi, tusishike wapi. Mikanda ifungwe kabla ya kusogea, breki zikazwe kabla ya kumhamisha, na abiria ndiye ahesabu moja, mbili, tatu. Mto wake wa kukalia uende naye, kwa kuwa kwa asiye na hisia miguuni saa chache kwenye kiti kigumu zinaweza kuzaa kidonda cha miezi.

Sasa kiti chenyewe. Kwa mwenyewe ni miguu. Marekani, ambako mashirika makubwa hulazimika kutoa hesabu, mwaka 2023 viti na pikipiki za walemavu zaidi ya 11,000 viliripotiwa kuharibika, kuchelewa au kupotea. Mengi ya hayo yanazuilika pale getini:

Mwenye kiti aongee na mpakiaji uso kwa uso, aoneshe jinsi ya kukitoa kwenye gia ili kisukumike, mahali pa kunyanyulia na mahali pasipoguswa. Maelezo hayo yaandikwe kwenye kadi kubwa ifungwe mgongoni mwa kiti, pamoja na picha ya kiti kikiwa kizima. Vinavyochomoka, yaani usukani wa mkono, mto na vya kuwekea miguu, viingie ndani ya ndege na mwenyewe. Kimo cha kiti kipimwe mapema na kulinganishwa na mlango wa tumbo la ndege, ili asitokee mtu wa kukilaza ubavu. Betri ya lithiamu inayochomolewa isizidi wati-saa 300, au zikiwa mbili isizidi 160 kila moja, na ikichomolewa husafiri ndani na abiria, ikiwa imekingwa.

Mjulishe abiria pia kuhusu fidia. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 kiti huhesabiwa kama mzigo, na kikomo cha fidia, ambacho tangu mwishoni mwa 2024 ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF), ni kidogo mno mbele ya bei ya kiti cha betri. Mkataba unamruhusu kutangaza thamani halisi wakati wa kukabidhi. Wachache huambiwa.

Na ndege ikitua, kiti kiwe cha kwanza kutoka, kiletwe mlangoni. Hapo ndipo yule mama wa safu ya nane aliposahaulika.

Hatua ya 8: Mafunzo

Yafundishwe na watu wenye ulemavu wenyewe, na yawahusu wote: mlinzi, msafishaji, muuza duka, afisa uhamiaji. Asiyeona hushika kiwiko chako, wewe humvuti mkono. Unamwambia ngazi inapoanza na inapoisha. Kiti cha mtu hakisukumwi bila idhini. Kwa kiziwi, mtazame usoni, usizibe mdomo, na uwe na kalamu.

Zaidi ya yote, ongea na abiria. Nimemsikia mhudumu, mwema kabisa, akimuuliza kaka wa abiria, "Anaweza kutembea?" Yule abiria, mwalimu wa hesabu wa makamo, akainua kichwa: "Niulize mimi, mwanangu. Miguu ndiyo haifanyi kazi."

Hatua ya 9: Pima, kisha tangaza

Viwango vya ECAC, jumuiya ya usafiri wa anga ya Ulaya, ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa abiria aliyetoa taarifa na anayewasili, asilimia 80 wapate msaada ndani ya dakika 5 tangu ndege isimame, 90 ndani ya dakika 10, na wote ndani ya 20. Wanaoondoka, baada ya kujitambulisha: 80 ndani ya dakika 10, 90 ndani ya 20, wote ndani ya 30. Kwa wanaowasili, saa ianze ndege inaposimama, isianze mhudumu anapofika.

Usitosheke na wastani. Kila aliyevuka kikomo asimuliwe kwenye kikao cha wiki: kiungo gani kilikatika, nani alipigiwa simu. Hesabu viti vilivyoharibika na ndege zilizokosekana. Uingereza, mamlaka ya anga hutangaza hadharani alama za kila uwanja mkubwa, kuanzia nzuri sana hadi mbaya, na hakuna meneja anayependa kusoma jina la uwanja wake chini kabisa. Tangaza zako hata kama sheria haikulazimishi.

Ukiwa na fedha kidogo

Anza na yasiyogharimu: ondoa pipa kwenye vigae, fungua kamba za chooni, toa mafagio, panua kona za foleni, chapa namba za makabidhiano na uzigawe kwa kila zamu. Fedha za mwanzo ziende kwenye mafunzo na viti vyembamba vya kutosha, kisha kwenye matengenezo ya gari la kuinua. Ujenzi uje mwisho, na siku michoro ya ukumbi mpya itakapotandazwa mezani, wale watu sita au saba wa hatua ya kwanza wawe wameketi hapo, kabla zege halijamwagwa.